Padi Inayojivuta: Wanachobishania Wacheza Gemu wa Mwanjelwa

Mechi ilikuwa imefika dakika ya themanini na kitu, matokeo sare ya bao moja kwa moja, beki wa pembeni alipoanza kutembea peke yake. Taratibu tu, kama mtu aliyekumbuka ameacha maharage jikoni. Kijana aliyekuwa anamchezesha akainua mikono yote miwili juu, padi ikabaki mapajani, ili banda zima lishuhudie kwamba vidole vyake haviko popote karibu na analogi, kile kijiti cha kumwongozea mchezaji. Beki akaendelea na safari yake. Pasi ikapenya palepale alipotakiwa kuwa amesimama. Goli.

"Padi inajivuta, kaka. Nirudishie hela yangu."

"Umecheza dakika themanini, ndiyo unaona sasa hivi kwamba inajivuta?" Mwenye banda hakugeuka, alikuwa anahesabu chenji.

"Nilidhani ni mimi sijui kukaba."

Watu walicheka mpaka benchi likalia. Banda lenyewe liko Mwanjelwa, hapa Mbeya: chumba kimoja, TV nne, mabenchi ya mbao, na pazia zito mlangoni la kuzuia mwanga na, wanavyosema vijana, kuzuia wazazi. Ukutani kumeandikwa kwa makapeni: UKIVUNJA PADI UMENUNUA. Mashine tatu ni PS4, yaani PlayStation 4 ya Sony, moja ni PS5, toleo lililofuata. Mechi ya PS4 ni shilingi 500, ya PS5 ni 1,000. Hiyo mia tano ya juu ndiyo chanzo cha ubishi ambao sijawahi kuukuta umeisha, na mimi hukaa pale jioni nyingi kuliko ninavyokiri nyumbani.

Kuna wanaoapa kwamba ukishashika padi mpya huwezi kurudi kwenye ya zamani. Kuna wanaosema mpira ni ule ule, padi imeongezwa uzito bure, na mia tano ya pili unalipia rangi nyeupe. Nimewasikiliza kwa miezi, na naona wote wana haki, kwa sababu neno "bora" wanalitumia kwa mambo matatu yasiyofanana. Mmoja anasema jinsi padi inavyohisiwa mkononi. Mwenzake anasema inadumu siku ngapi. Wa tatu anasema kasi, yaani muda unaopita tangu kidole kibonyeze mpaka mchezaji apige shuti. Nianze na kudumu, maana huko ndiko hela zinakopotelea.

Ndani ya kiboksi cha kijani

Kesho yake tuliipeleka padi ile kwa fundi simu mmoja wa Kabwe. Sitaitaja kampuni iliyoitengeneza. Padi nyingi za mabandani ni kopi ambazo hata aliyezitengeneza angezikana. Akafungua skrubu za msalaba, akapenyeza kadi ya plastiki kwenye mshono, kifuniko kikaachia kwa mlio kama wa kukata kucha.

Chini ya kila analogi kuna fremu ndogo ya chuma, na ubavuni mwake vimebanwa viboksi viwili vya plastiki ya kijani, kila kimoja si kikubwa kuliko punje ya hindi. Kimoja kinapima kushoto na kulia, kingine juu na chini. Fundi akabandua kimoja kwa ncha ya wembe. Ndani mlikuwa na utepe mweusi uliopinda kama kwato, na kijisahani cheupe chenye miguu ya chuma myembamba mno.

"Hiyo nyeusi ni kaboni," akasema. "Na hiyo miguu inaisugua. Ukikimbia na mpira inasugua, ukirudi kukaba inasugua." Akauinamisha utepe kwenye mwanga wa taa. Mahali ambapo miguu inakaa analogi ikiwa imetulia palikuwa na mstari unaong'aa, kama njia ya ng'ombe katikati ya nyasi. Pembeni ya mstari, vumbi jeusi. Hilo vumbi si la barabara ya Mwanjelwa, ni kaboni yenyewe imesagika.

Kazi ya kiboksi hicho ni rahisi. Umeme mdogo unapita kwenye utepe, na kadiri miguu inavyosogea, volti inayotoka inapanda au kushuka. Chipu ya padi inaigeuza volti hiyo kuwa namba. Padi za PlayStation, kuanzia DualShock 4 ya PS4 ya mwaka 2013 hadi DualSense ya PS5 ya 2020, huipelekea mashine namba kati ya 0 na 255. Analogi ikitulia katikati, namba iwe 128 hivi. Kaboni ikilika, au vumbi lake likikwama chini ya miguu, volti haiwi ile ile tena. Padi imelala juu ya meza lakini inaripoti 140. Mashine haina macho ya kukuona umeinua mikono. Imeambiwa 140, inaamini unasukuma kulia kidogo, na beki anaondoka.

Watengenezaji wa gemu wanajua kwamba hakuna analogi inayorudi katikati kwa usahihi kamili, ndiyo maana huacha kiduara kidogo ambamo namba yoyote inapuuzwa. Baadhi ya gemu hukuruhusu kukipanua kwenye mipangilio. Kwa mpira, ukipanua hupotezi kitu cha maana. Kwa gemu za kurushiana risasi unapoteza ule msogeo mdogo wa kulengea, na hapo ndipo mcheza mpira na mcheza bunduki huanza kuonana waongo wakizungumzia padi moja.

Sasa hesabu. Mwaka 2021 mafundi wa iFixit, kampuni ya Marekani inayofungua vifaa na kueleza vilivyomo ndani, waliifungua DualSense. Walieleza kwamba kipimo hicho cha kaboni kimeahidiwa na mtengenezaji wake mizunguko 2,000,000. Inasikika nyingi. Chukulia mchezaji anasogeza analogi mara moja tu kila sekunde. Sekunde milioni mbili ni saa 555. Anayecheza saa moja kila jioni nyumbani kwao ataufikia mwisho huo baada ya mwaka mmoja na nusu. Banda linalofunguliwa saa nne asubuhi na kufungwa saa mbili usiku, saa kumi kwa siku, linaufikia baada ya siku 55. Nilipomwonyesha mwenye banda hesabu hiyo kwenye simu alinitazama kama nimegundua maji yanalowesha. "Miezi miwili," akasema. "Mitatu kama wateja ni wapole."

Kwa hiyo padi ile ile, kwa mnunuzi mmoja ni nzuri, kwa mwingine ni hasara, na hakuna aliyedanganywa. Imepimwa kwa sebule ya mtu mmoja, ikaletwa kufanya kazi ya daladala.

Fundi akachovya pamba ya masikio kwenye spiriti, akafuta utepe, akarudishia. Ikapona. Alituonya mapema kwamba itapona wiki mbili, na ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu spiriti huondoa vumbi lakini haiotishi kaboni iliyolika. Wala haiikazi springi iliyochoka, ambayo nayo huifanya analogi isirudi katikati vizuri. Wanaopuliza kwa mdomo, tafadhali acheni. Mnaongeza mate.

Sumaku, dawa ya zamani

Vijana waliobobea watakuambia jibu kwa neno moja: sumaku. Wako sahihi, ingawa wengi wanadhani ni uvumbuzi wa juzi. Mwaka 1879 Mmarekani Edwin Hall aligundua kwamba sumaku ikisogezwa karibu na metali inayopitisha umeme, volti ndogo hujitokeza kati ya pande zake mbili. Ukiweka kijisumaku chini ya analogi na sensa ya kuisoma pembeni yake, unapata nafasi ya analogi bila kitu kugusa kitu. Hakuna miguu, hakuna kaboni, hakuna njia ya ng'ombe. Sega walitumia mfumo huo kwenye padi ya mashine yao ya gemu, Dreamcast, iliyotoka Japani mwaka 1998. Yaani wengi wa vijana wanaoipigia kelele leo walizaliwa dawa ikiwa tayari imeshauzwa na imeshatoka sokoni.

Lakini kutogusana peke yake hakutoshi. Nintendo 64 ya mwaka 1996 ilisoma analogi yake kwa mwanga, nao haugusi chochote, na bado ikawa maarufu kwa kulegea. Plastiki ya kijiti ilisagana na plastiki ya kitako chake mpaka ikatoa unga mweupe. Sensa ilikuwa nzima. Kilichokufa ni kilichoishikilia. Padi ya sumaku yenye springi mbovu nayo itakuvuta, tena kwa usahihi mkubwa.

Kelele za duniani zilipanda hasa baada ya Nintendo Switch ya 2017, ambayo padi zake ndogo, Joy-Con, zilijivuta mpaka kesi zikafunguliwa Marekani. Mwaka 2020 rais wa Nintendo, Shuntaro Furukawa, aliomba radhi kwa usumbufu huo, na mwaka 2023 Nintendo ilikubaliana na Tume ya Ulaya kuzitengeneza bure kwa wateja wa Umoja wa Ulaya. Kila mtu akategemea Switch 2 ije na sumaku. Ilipotoka Juni 2025 kampuni ikasema analogi zimebuniwa upya kabisa, ila si za mfumo wa Hall. Sony nao, kwenye padi yao ya kifahari ya DualSense Edge ya mwaka 2023, iliyotoka kwa bei ya dola 199.99, walichagua njia nyingine: analogi nzima inachomoka kwa mkono na unanunua nyingine kwa dola 19.99. Ni uamuzi mzuri kwa fundi. Hapohapo ni kampuni kukiri kwamba itaharibika, na kukutajia bei ya kuharibika kwake.

Wakati huo kampuni ndogo kama GuliKit, 8BitDo na GameSir zinauza padi za sumaku kwa bei ya chini, na sasa zipo zenye sensa aina ya TMR, inayotumia sumaku vilevile lakini kwa umeme kidogo na usahihi zaidi. Mtu angeuliza, basi si banda linunue hizo? Hapa ndipo fundo lilipokaza. PS5 haipokei padi isiyoidhinishwa kwa gemu zake. Hata DualShock 4 ya Sony wenyewe, ukiiunganisha na PS5, itacheza gemu za PS4 tu. Padi nyingi za sumaku za bei ya chini unazoziona mtandaoni ni za kompyuta, za simu au za Switch. Kuna waliokwishaagiza padi ya namna hiyo kutoka Dar es Salaam, ikaja kwa basi usiku kucha kupitia Iringa na Makambako, ikafika Mbeya nzima, ikawashwa taa, na mashine ikaikataa. Muuzaji hakuwa amesema, na mnunuzi hakuwa ameuliza.

Njia nyingine ni kuhamisha moyo: kuitoa analogi ya kaboni kwenye padi halali na kulehemu ya sumaku mahali pake. Kila analogi imeshikiliwa kwa vipini 14. Vipini 14 vya kuyeyusha lehemu, kuvuta, kusafisha matundu bila kung'oa njia za shaba kwenye bodi, kisha vingine 14 vya kurudishia, halafu padi isawazishwe upya kwa programu ya kompyuta maana katikati ya sumaku si katikati ya kaboni. Fundi wetu alikubali kwa padi moja. Ya kwanza, aliyojifunzia, aliiua. Alituambia ukweli na hakututoza, jambo ambalo limemfanya apate padi za banda zima tangu siku hiyo.

Kinachosikika kidoleni

Kuhusu hisia nitakuwa mfupi zaidi, kwa sababu ubishi wake ni wa ladha. DualSense ilileta mambo mawili. Mtetemo wa zamani ulikuwa wa mota zenye uzito uliopinda, zikizunguka padi nzima inatikisika kama bajaji kwenye mawe. Mtetemo mpya unatoka kwenye vifaa vinavyosogea mbele na nyuma kama spika, hivyo unaweza kuhisi matone ya mvua upande wa kushoto tu. La pili ni R2 na L2, vile vitufe vya nyuma vya vidole vya shahada, zenye mota na gia ndani, zinazoweza kukaza: ukivuta upinde unahisi ugumu unaongezeka, breki ya gari inakurudisha.

Mwanafunzi mmoja wa chuo kule Iyunga, ambaye hucheza gemu za hadithi peke yake usiku, aliniambia kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya yeye kununua PS5. Namwamini. Lakini kwenye banda hakuna mvua ya upande wa kushoto. Kuna mpira, na kwenye mpira R2 ni ya kukimbia, inakandamizwa tangu mechi inaanza. R2 yenye gia na springi ndogo ni kitu kimoja zaidi cha kuvunjika. Mwenye banda aliingia kwenye mipangilio akazima ukazaji wa R2 na mtetemo, vyote viwili, siku ya kwanza. Wateja wanaolipa 1,000 kwa sababu ya "padi mpya" wanacheza na padi ambayo upya wake umezimwa, na sijawahi kumsikia mmoja akilalamika. Kuhusu uzito hawakosei: DualSense ina gramu 280 hivi, DualShock 4 ina 210.

Kitu pekee ambacho pande zote mbili wanakisifu bila masharti ni tundu la chaji. DualShock 4 ilikuwa na tundu dogo la simu za zamani, lile unalolipatia mara ya tatu. DualSense ina USB-C, na chaja yake ni ya simu ya mtu yeyote aliyekaa kwenye benchi. Na kwa kuwa banda hufunga padi zake kwa waya muda wote, wizi ukiwa sababu ya kwanza, ubora wa tundu ni ubora wa biashara. Waya una faida nyingine: ukiweka kwenye mipangilio padi iwasiliane kwa USB, unaikwepa Bluetooth, inayotumia masafa ya gigahezi 2.4 pamoja na Wi-Fi nyingi. Chumba chenye mashine nne na simu ishirini, nusu zikiwa zimewasha hotspoti, ni soko la Mwanjelwa siku ya Jumamosi, kila mtu anapiga kelele kwa sauti ile ile.

Kasi inamfaidisha nani

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike. PS4 ilikuja na diski inayozunguka. PS5 ilikuja na hifadhi ya SSD ya gigabaiti 825, inayosoma gigabaiti 5.5 kwa sekunde, wakati diski ya PS4 hata gigabaiti moja kwa sekunde haikuwahi kuiota. Kwa lugha ya banda: kusubiri kati ya mechi na mechi kumepungua sana.

Nani anafaidi? Inategemea unalipishaje. Banda linalotoza kwa muda, dakika za kusubiri analipa mteja. Banda linalotoza kwa mechi, kama letu, anazilipa mwenye banda, maana benchi limekaliwa na hela haiingii. Tuseme kila mechi ya PS5 inaokoa dakika moja, na siku ina mechi 40. Dakika 40 ni mechi tatu au nne za ziada kwenye TV ile ile. Mteja anadhani 1,000 yake inalipia picha. Kwa kweli anamlipa mwenye banda bei ya juu kwa mashine inayomwezesha mwenye banda kuuza mechi nyingi zaidi. Nilimwambia hivyo. Akaniambia nisiandike. Ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kaka, lakini nimeshaandika.

Kinachoonekana uwanjani ni ubishi mgumu zaidi. EA Sports FC, ambayo hadi mwaka 2023 tuliijua kama FIFA, tayari inachezwa kwa fremu 60 kwa sekunde kwenye PS4, na kwenye PS5 ni hizo hizo 60. Kwa hiyo wanaosema "mpira ni ule ule" wana hoja. Hoja yao inakatika sehemu moja: tangu FIFA 22, mashine mpya zinapewa mijongeo ya wachezaji, HyperMotion, ambayo PS4 haina. Beki wa PS5 anageuka tofauti, na mtu aliyezoea PS4 anafungwa wiki ya kwanza akidhani ni padi.

Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila picha inakaa kwa milisekunde 16.7. Sasa, TV ya kawaida hupenda kuipamba picha kabla ya kuionyesha: inanoa, inalainisha, inaongeza rangi. Mapambo hayo yanaweza kula milisekunde nyingi kuliko tofauti yoyote ya padi mnayobishania. TV nyingi za sasa zina modi ya gemu inayoyazima. Jioni moja mwenye banda aliiwasha kimyakimya kwenye TV ya tatu, ya PS4. Mzee mmoja wa makamo, dereva wa malori ya Tunduma ambaye hucheza mechi mbili kila akipita na haongei, alimaliza ya kwanza akauliza: "Mmeleta padi mpya?" Padi ilikuwa ile ile, na mkanda wa selotepu juu yake.

Vumbi, umeme na sidii

Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 15. Feni inapovuta hewa nyepesi inabeba joto pungufu kwa kila mzunguko. Baridi ya Juni na Julai inatufidia, vumbi la Septemba linatunyang'anya. PS5 ilikuja na matundu ya kukusanyia vumbi ambayo unayafyonza ukishatoa ubavu wa mashine kwa mkono, na hilo ni jambo la maana kwa mtu wa kiangazi cha huku. Lakini badala ya ile pasta ya kupoozea chipu ambayo mafundi wetu wamezoea kuibadilisha kwenye PS4, PS5 hutumia metali ya kimiminika. Inapooza vizuri. Pia inapitisha umeme, na tone likidondokea kwenye bodi limeunguza. Fundi akikuambia "hii kama PS4 tu, nafungua napaka", chukua mashine yako uondoke kwa heshima.

Umeme nao una hesabu yake. PS5 za mwanzo zikiwa kwenye gemu nzito hula kama wati 200. PS4 Slim hula chini ya 100. Saa kumi za PS5 ni uniti mbili za LUKU kwa siku, bila TV. Umeme ukikatika ghafla, diski inayozunguka ya PS4 ndiyo inayoogopa zaidi, na mashine ikiwaka tena hukuonya kwamba haikuzimwa vizuri, ikaanza kujikagua huku foleni inasubiri.

Halafu sidii. PS5 Pro, iliyotoka Novemba 2024 kwa dola 699.99, inauzwa bila sehemu ya sidii. PS5 nyembamba ya 2023 unaweza kuinunua bila hiyo sehemu na kuiongezea baadaye, ila siku ya kuifunga inadai intaneti ijisajili. Huku kwetu sidii ni mali: inaazimwa, inabadilishwa kwa nyingine na hela ya juu, inawekwa rehani. Gemu la kupakua linaweza kufika gigabaiti 100, na hulipeleki popote likishachosha. Watengenezaji wanaita hilo maendeleo, na kwa mtu mwenye faiba nyumbani huenda ni kweli. Mwenye banda wetu, mtu anayekubali karibu kila kipya, hapo aligoma. Alinunua PS5 iliyotumika yenye sehemu ya sidii, akalipa zaidi ya bei ya mpya isiyo nayo kwenye duka la jirani.

Yule kijana wa beki mtembezi alirudi wiki iliyofuata, akakumbushia hela yake. Mwenye banda alimpa mechi moja ya bure na padi iliyolehemiwa sumaku, ile vipini 14 mara mbili. Kijana akaiweka kwanza juu ya benchi, akaitazama skrini kwa sekunde kama kumi. Hakuna aliyetembea. Akaichukua, akacheza na mtoto wa kidato cha pili aliyekuwa amevaa sweta ya shule, akafungwa nne bila. Safari hii mikono hakuinua.